Someni mashairi ya marapa wa Kipalestina kabla ya kuwaandika

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Taarifa yenu ya ukurasa wa burudani iliwaita marapa wa Kipalestina vijana wenye hasira walioiga uhuni wa Marekani. Mwandishi alieleza kofia zao, suruali zao na ngumi walizoinua pichani. Mstari wa wimbo hakunukuu hata mmoja.

Angeanzia Lyd, mji ambao Waisraeli huuita Lod, karibu na uwanja wa ndege wa Ben Gurion. Julai 1948 Wapalestina wengi wa mji huo walifukuzwa. Humo ndimo, mwishoni mwa miaka ya 1990, Tamer Nafar, mdogo wake Suhell na Mahmoud Jreri walipounda kundi la DAM. Ni kweli Tamer alimsikiliza sana Tupac, rapa wa Marekani, na mwenyewe husema hivyo. Lakini walichokighani ni mtaa wao: dawa za kulevya, polisi, nyumba za Waarabu zinazobomolewa kwa kukosa vibali ambavyo ni vigumu mno kwao kuvipata. Wanaghani kwa Kiarabu, na kwa Kiebrania pia, maana ni raia wa Israeli na wanataka jirani yao asikie. Wimbo wao wa 2001, "Nani Gaidi?", ulisambazwa bure kwenye intaneti wakati YouTube haijaanzishwa, ukapakuliwa zaidi ya mara milioni moja.

Kilichoniudhi kuliko yote ni ile kauli kwamba kazi yao ni kuilaumu Israeli tu. Mwaka 2012 DAM hao hao walitoa wimbo kuhusu wanawake wanaouawa na ndugu zao wa damu kwa kisingizio cha heshima ya familia. Wasomi Lila Abu-Lughod na Maya Mikdashi wakawakosoa hadharani kwamba wameyatenga mauaji hayo na siasa za Israeli kuikalia ardhi ya Wapalestina, kana kwamba ni ugonjwa wa mila pekee. DAM wakajibu, nao hadharani. Watu wanagombana kwa hoja juu ya beti za wimbo, mbele ya dunia nzima, huku ndugu zao wakizikwa, na sisi tunawaandika kama wapiga kelele! Huko Gaza kundi la PR (Palestinian Rapperz) lilighani ndani ya eneo ambalo msanii hawezi kutoka kwenda kutumbuiza Ramallah, mji wa Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi, bila kibali cha Israeli. Mwaka 2021, mtaa wa Sheikh Jarrah wa Jerusalem Mashariki ulipowaka kwa maandamano ya kupinga familia za Kipalestina kutolewa nyumbani mwao, vijana wa Jerusalem na Ramallah walikuwa na sauti za marapa Daboor na Shabjdeed masikioni. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililoonekana kwenye taarifa yenu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye kipindi cha ushairi cha redio moja ya hapa. Kijana wa jirani yangu, aliyesoma Kiarabu madrasa, alinisaidia kutafsiri wimbo mzima wa marapa hawa, nikaupeleka pamoja na karatasi yangu ya tafsiri. Ubeti wa pili haujaanza, mtangazaji akauzima. Akasema hewani kwamba wasikilizaji hawataki kuchoshwa na siasa za watu, akaweka tangazo la sabuni. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu mfukoni.

Na hapo ndipo tulipofika, Mhariri. Kurasa zenu za sanaa zimejaa nani kamuacha nani, nani kanunua gari gani. Hata wanahiphop wetu, walioanza kughani kwa Kiswahili miaka ile ile ya tisini, siku hizi huulizwa habari za wachumba wao. Mashairi yao haulizi mtu.

Naomba jambo moja. Mwandishi asiruhusiwe kuandika habari za mwanamuziki wa lugha nyingine mpaka aweke mezani kwako tafsiri kamili ya nyimbo tatu, na beti mbili zichapishwe chini ya picha. Pwani hii haina uhaba wa wajuao Kiarabu. Kijana niliyemtaja yuko tayari kuanza na nyimbo za Gaza. Mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha.

Mwalimu mstaafu,
Tanga