Barua kwa wazazi wa watoto wenye usonji (autism), Mombasa

Wanangu, salaam aleikum.

Kwenye kikao chetu pale Majengo, mmoja wenu alisema, "Wangu usonji wake ni mdogo, si kama wa huyu." Na huyo "huyu" alikuwa papo hapo, amempakata bintiye. Hakujibu neno, wala hajarudi tena.

Najua hivyo viwango vya mdogo na mkubwa mmevitoa kwa madaktari. Mwaka 2013 wataalamu wa akili wa Marekani waliyaunganisha majina ya hali za namna hii yaliyokuwa mbalimbali, la Asperger likiwemo, yote yakawa usonji, wakaweka na viwango vitatu, cha tatu kikiwa cha msaada mwingi zaidi. Lakini viwango hivyo vinapima msaada anaouhitaji mtoto. Tena hupimwa pande mbili: kuwasiliana na watu mbali, kurudiarudia mambo na kushikilia mazoea mbali. Mtoto mmoja aweza kuwa kiwango cha kwanza huku na cha tatu kule, na wenyewe waliandika kwamba hali hubadilika kwa mahali na kwa wakati. Hicho si cheo cha kushindania.

Yupo kijana mtaani kwangu, anasoma vizuri, matatu za Bamburi na Mtwapa anazitambua kwa michoro yake. Watu husema anajiweza. Mpeleke feri ya Likoni asubuhi, honi ilie, watu wasukumane: atajitupa chini, mikono masikioni, na mamake ataambiwa hajui kulea. Kwa sababu "anajiweza", hakuna anayempisha. Na yupo binti asiyesema: humshika mamake mkono, akauweka juu ya birika akitaka chai. Ameshasema. Ila wakishaambiwa usonji wake ni mkali, watu huacha hata kumsalimu.

Msidhani nataka uzito usitajwe. Wamo wenzenu wasiolala, mtoto ameshabaleghe na bado yumo kwenye nepi, mlango una kufuli asije akakimbilia barabarani. Ukimwambia mama huyo kwamba watoto wote ni sawa, umemziba mdomo. Mwaka 2021 tume ya jarida la tiba la Lancet ilipendekeza jina la pekee kwa wanaohitaji mtu wa kuwa nao saa 24, na ubishi ukazuka. Wabishane. Mama aachwe aseme mzigo wake ulivyo.

Zezeta, taahira, ana majini: hayo yakateni papo hapo, hata akiyasema mkweo.

Mkiulizwa na mwalimu, daktari au shangazi harusini, semeni mambo yalivyo: "Anajilisha, vifungo hawezi. Kiswahili anakielewa, hasemi. Kelele humtesa. Usiku haachwi peke yake." Mwalimu akisikia hivyo atajua amkalishe wapi. Akisikia "usonji kidogo tu", atamweka nyuma na wengine, na kufikia saa nne mtapigiwa simu mje mumchukue.

Na wenye usonji ambao wameshakuwa wakubwa, wanaoweza kusema au kuandika, waulizeni wao wenyewe wanataka waelezweje, kabla hamjamjibu mtu kwa niaba yao.

Mama yenu,
Kibokoni