Kabla ya bei, tuambie nyumba yako inatazama wapi

Mteja akitupigia simu kuuliza bei ya kupiga picha nyumba ya kupangisha, sisi tunaanza na swali: mlango wa mbele unatazama upande gani? Wengine hudhani tunatafuta njia ya kupandisha bei. Sivyo, tunatafuta jua.

Kiangazi kilichopita, mwezi wa 6, papa mmoja (baba mwenye nyumba) alituletea picha alizopiga mwenyewe saa sita mchana. Nyumba nzuri, baraza ya nguzo tatu, rangi mpya. Lakini kwenye picha ukuta ulikuwa kama umepakwa masizi, na mbingu nyuma yake nyeupe tupu. Akalaumu simu. Maskini simu! Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 11 na nusu, na mwezi wa 6 jua linapita kaskazini kutwa nzima. Paseli yake (kiwanja chake) inatazama kusini, basi uso wa nyumba hauoni jua hata dakika moja, huku jirani wa ng'ambo ya barabara anang'aa asubuhi hadi jioni. Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa 10 mpaka katikati ya mwezi wa 2, jua la mchana linahamia kusini. Ni miezi ya mvua, vumbi limelala; hata matofali ya Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo yanarudia wekundu wake.

Papa hakutaka kungoja mvua. Tukaenda saa kumi na mbili jioni, taa zote zimewashwa, mbingu bado ya buluu. Una dakika ishirini hivi, kisha giza. Kando ya mlango mama muuza mikate alikuwa na mbabula yake (jiko la mkaa), makala yamekolea moto. Tulimwomba ruhusa, tukapiga naye na bila yeye. Papa alichagua ile isiyo na mama. Hela ni yake, lakini ile nyingine ndiyo iliyofanana na mtaa.

Nyumba ikionekana inalala kwa nyuma, ni kwa sababu simu imeelekezwa juu ili kulipata paa. Rudi nyuma, au panda ngazi, simu ibaki wima. Ghorofa tunazipiga kutoka jengo la ng'ambo. Majengo ya serikali hatupigi bila barua ya ruhusa.

Hujui unatazama wapi? Simama mlangoni asubuhi ukitazama nje. Jua likiwa mkono wa kushoto, unatazama kusini. Tuandikie hivyo kwenye WhatsApp, tutakupa siku na saa.