Malalamiko: semina yenu ya kuhesabu mahitaji ya askari magereza, nirudishieni pesa ama mrudie kazi

Kwa Meneja wa Mafunzo, Nairobi.

Salamu Bwana Meneja, ama Bi Meneja, sijui nani atasoma hii manake kila nikipiga simu yenu nawekewa muziki tu mpaka kredo inaisha.

Mimi ni sajenti kwa gereza moja hapa Nairobi, sitasema ni gani kwa sababu hii barua naandika kama mteja aliyelipa, sio kama serikali. Kazi yangu ni rosta. Mwaka wa sita huu naandika majina kwa kaunta buku, bluu ya zamu, nyekundu ya ofu, na ukurasa ukijaa wanja mweupe wa kufuta makosa hadi karatasi inakua ngumu kama chapati ya jana ndio najua mwezi ulikua mbaya. Sasa nilipoona tangazo lenu kwa WhatsApp ati semina ya siku 5 ya kufunza magereza kuchambua mahitaji ya askari, "wakufunzi waliowahi kufanya kazi gerezani", na Excel ya kubeba nyumbani, na kutembelea stesheni moja ya magereza kuona kazi ikifanyika, nikasema hii ni yangu. Nikakopa sacco elfu 34, nikatumia siku 5 za likizo yangu mwenyewe. Likizo yangu, na mimi ndio najua vile likizo hupatikana.

Siku ya kwanza kijana wenu akasimama akajitambulisha, ati amekua HR wa kampuni ya kuuza magodoro. Sina ubaya na magodoro. Lakini tulikua watu 22 hapo, wengine wametoka mbali sana na nauli zao, na kwa hao wote hakuna aliyeuliza ni askari wangapi wanahitajika kuuza godoro.

Kosa lenyewe lilianza hapo asubuhi. Kijana akachora kwa ubao: wafungwa 600, askari mmoja kwa wafungwa 5, kwa hivyo askari 120, zamu ni 3, kwa hivyo kila zamu askari 40. Akapigia mstari mara mbili, akatuambia tupige makofi. Watu wakapiga, hata mimi nikapiga kidogo juu ya heshima.

Meneja, hiyo hesabu ni ya shule ya msingi. Gereza halihesabiwi kwa vichwa vya wafungwa, linahesabiwa kwa lindo, yaani kila mahali lazima askari asimame, na kwa masaa. Mnara hauulizi ndani kuna wafungwa 50 ama 600, mnara unataka mtu mmoja macho wazi usiku na mchana. Geti hivyo hivyo. Gereza lenye ukumbi mmoja mkubwa unaoona kote na gereza la zamani la kona kona linaweza kua na wafungwa sawa kabisa lakini moja linakula askari mara mbili, sababu ni kuta. Ndio maana kazi ya kwanza ni kutembea, unashika karatasi unaanza kabla seli hazijafunguliwa asubuhi, unaandika kila sehemu nani anasimama na anafanya nini, kufungua, kuhesabu, uji, korti, wageni, warsha, kuhesabu tena, kufunga jioni, alafu usiku pia unarudi. Hiyo safari ya stesheni mlioahidi ndio ilikua semina yenyewe! Siku ya nne mkatuambia gari imekosa, tukaonyeshwa video ya gereza la ng'ambo lenye milango ya stima.

Alafu yale masaa. Nitaandika hapa ndio msiseme sikueleza (namba za stesheni nimezibadilisha kidogo, mnaelewa kwa nini). Mwaka una masaa 8,760. Lindo la usiku na mchana linataka hayo yote, siku 365, Krismasi na Idd ndani. Sasa askari mmoja anakupa ngapi? Toa ofu moja kwa wiki, siku 52. Toa likizo 30. Toa ugonjwa, matanga, kozi, siku za kupiga shabaha, siku anaitwa kortini kua shahidi, kwa daftari langu zinakuja kama 16 kwa mtu. Zinabaki siku 267, mara masaa 8 ni 2,136. Gawanya 8,760 kwa 2,136 unapata 4.1. Yaani lindo moja la usiku na mchana sio watu 3 juu zamu ni 3, ni watu wanne na kichwa cha wa tano. Na mkimpa askari ofu 2 kwa wiki kama binadamu wengine, siku zinabaki 215, masaa 1,720, namba inaruka hadi 5.09. Ofu moja tu ya kuongeza kwa wiki na kila lindo linataka karibu mtu mmoja zaidi. Hiyo ndio kitu nilitaka OC wangu, mkuu wa stesheni, aione kwa skrini na fomula zake, sio kwa kaunta buku yangu yenye wanja.

Sasa rudini kwa wale askari 120 wa makofi. Gawanya kwa 4.1, unapata malindo 29. Sio 40. Hao 11 wa tofauti ni askari hewa, wako kwa ubao wa kijana wenu lakini usiku ukipita na tochi hauwapati. Mnajua wanatoka wapi mwishowe? Wanatoka kwa ofu ya mtu. Wanatoka kwa yule mama aliyenipigia simu Jumapili mtoto ako na homa na nikamwambia samahani afande, nakuhitaji zamu ya usiku. Hesabu mbaya hulipwa na mtu, na mara nyingi mimi ndio nampelekea hiyo bili.

Nikainua mkono nikaeleza haya. Nikafungua kaunta buku nimwonyeshe. Akaniambia, nanukuu, "mzee hiyo weka kando, twende kisasa."

Basi tukaenda kisasa, siku ya pili, Excel kwa projekta. Kwanza seli zote zimefungwa na pasiwadi, naongea seli za Excel sio zetu. Ofu mbili zimepigwa humo ndani na huwezi kubadilisha, likizo pia sio siku zetu, na kwa safu ya sikukuu hakuna Madaraka, hakuna Mashujaa, hakuna Jamhuri, kuna Thanksgiving. Koplo mmoja niliyekaa naye ameinama akaniuliza polepole, "Afande, hii Thanksgiving ni ya kanisa gani?" Nilicheka chai ikanipalia.

Hapo ndio nikajua hiyo karatasi imetoka Marekani. Sioni shida ikitoka huko, manake hii hesabu ya kugawanya masaa ya lindo kwa masaa halisi ya askari wao wameifanya miaka mingi, kuna taasisi ya serikali yao inaitwa National Institute of Corrections, NIC kwa kifupi, sio ile benki yetu iliyoungana na CBA mwaka 2019. Hiyo taasisi imefunza jela za kule hii kazi na maandishi yake yako kwa mtandao bure. Bure, Meneja. Nyinyi mmeniuzia elfu 34 na hamkusumbuka hata kutoa Thanksgiving.

Kuna makosa mengine. Excel yenu inapandisha kila lindo peke yake kwa namba nzima, 4.1 inakua 5. Malindo 10 yanakua watu 50 wakati hesabu ya ukweli ni 41. Nikipeleka hiyo juu watanifukuza na haki yao, na siku nyingine hata nikileta ya ukweli hawatasoma. Unajumlisha kwanza alafu unapandisha mara moja mwisho. Alafu imechanganya lindo ambalo lazima mtu apokelewe zamu na mwenzake, na kazi ambayo mwenyewe akienda likizo meza inabaki tu, kama karani wa stoo, huyo hana haja ya kuzidishwa na 4.1.

Ya kusindikiza ndio iliniuma zaidi. Nikauliza mahabusu wa Jumatatu wa korti za Milimani na Makadara tunawaweka wapi, na wagonjwa je, kijana akasema weka kwa "mengineyo", asilimia 5. Mfungwa mmoja akilazwa Kenyatta anakaa na askari 2 kando ya kitanda, mchana na usiku, hawaondoki, hata mgonjwa akiwa amelala na dripu. Wawili mara 4.1 ni 8.2. Kama hicho kitanda hakikosi mgonjwa mwaka mzima, na kwetu hakikosi, akitoka huyu anaingia yule, ni askari 8 wameisha kabla hujafungua geti. Kwa mengineyo! Upande wa korti afadhali, tangu corona ya 2020 kesi kadhaa husomwa kwa video na magari yamepungua kidogo, lakini hiyo pia haikuguswa kwa semina na ni kitu mtu wa rosta angetaka sana kuhesabu.

Na wanawake, hamkuwataja kabisa. Zile Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinasema wafungwa wanawake wanasimamiwa na askari wanawake, kwa hivyo huwezi kuweka askari wote kwa kapu moja ukagawanya. Upande wa wanawake unafanyiwa hesabu yake, na likizo ya uzazi ndani, miezi 3. Dada mmoja aliuliza hiyo swali mara mbili. Mara ya pili aliambiwa ni wakati wa chai.

Chai ilikua nzuri, niseme ukweli. Mandazi ya iliki.

Siku ya mwisho tukapewa vyeti. Changu kimeandikwa "Prison Stuffing Analysis". Stuffing, na herufi u, yaani kujaza, badala ya Staffing. Nimekiweka kwa droo, siwezi kuweka kwa faili yangu ya kazi manake huku kwetu kujaza watu gerezani ndio tatizo lenyewe.

Sasa nataka hivi. Elfu 34 zirudi kwa ile namba nililipia, risiti ya M-Pesa nimeambatanisha pamoja na tangazo lenu la WhatsApp lenye ahadi zote. Kama mnaona pesa ni ngumu, nakubali mrudie, siku 2 zinatosha, bila malipo, kwa wote 22, na mlete mtu aliyewahi kuandika rosta ya gereza, hata awe amestaafu, wako wengi hapa Nairobi na hawana kazi asubuhi. Cheti kirekebishwe vyovyote vile. Na Excel mtume bila pasiwadi, hiyo nitairekebisha mwenyewe, sitaki hata msaada.

Hiyo ya Excel ndio ya haraka. Kuanzia tarehe 15 mwezi ujao napanga likizo za Desemba, na niko na maombi 31 kwa meza yangu na nafasi ya watu 12. Kijana wenu wa magodoro ako na namba yangu, alinipigia jana kuniuliza kama nitajiandikisha semina ya pili.

Wenu,
Mshiriki wa meza ya nyuma kulia, karibu na dirisha, yule wa kaunta buku.