Mmeandika weupe wa meno, mkausahau uso

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa urembo umetufundisha kusugua meno kwa mkaa na ndimu ili tupendeze. Niliusoma studioni kwangu hapa Bombo, Uganda, nikingoja mteja, na nimekosa amani tangu siku hiyo.

Mimi ni mpiga picha. Ugali wangu unatokana na picha ndogo za saizi ya pasipoti: askari, watahiniwa, akina mama wanaofungua akaunti benki. Kwenye picha hizo hakuna kucheka, mdomo unafungwa. Hata hivyo, mkalisheni mtu wa makamo kwenye kigoda changu akiwa amefumba mdomo, na mara nyingi nitawaambia kama magego yake bado yapo. Yasipokuwepo, mashavu huingia ndani na pembe za mdomo hushuka. Yakiisha yote, kidevu nacho hupanda kuifuata pua. Mdomo wa juu unaegemea meno ya mbele. Ukiyaondoa, umeuondolea ukuta. Na mfupa wa taya uliokuwa umeshika mizizi huliwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Haya sikufundishwa na kamera. Nilifundishwa na mama yangu.

Alipong'olewa meno yake ya mwisho tulimtengenezea ya bandia kwa mtu mmoja mjini, ambaye jina lake nalihifadhi. Yalikuwa meupe kama sahani mpya, na sisi watoto tukafurahi. Kumbe yalikuwa mafupi. Mama akiuma, pua na kidevu vilikaribia kusalimiana. Pembe za mdomo zikawa zinalowa mate kutwa hadi ngozi ikapasuka. Majirani walimuuliza, "Mama, nani amekuudhi?" Hakuna aliyemuudhi. Uso ndio ulikuwa umekunjwa kama shuka.

Tukampeleka kwa daktari mwingine, binti mdogo tu. Kabla hata hajamwambia mama afungue mdomo, alinigeukia mimi, mama akimwita Jaja, yaani bibi: "Mzee, mnayo picha ya Jaja ya zamani, akiwa anacheka?" Nilitaka kumkumbatia. Nina masanduku ya negativu chini ya kitanda, na mke wangu kila mwaka anatishia kuyachoma. Nikaenda nikatoa ya 1994, harusi ya dada yangu. Mama anacheka hadi macho yamefumba nusu, na pale katikati ya meno ya mbele kuna mwanya wake ambao baba aliusifia mpaka anaingia kaburini.

Daktari akapima umbali kati ya mboni mbili za macho pichani, kisha akapima mboni za mama mwenyewe. Kwa uwiano huo akapata upana wa meno aliyozaliwa nayo. Akatueleza kuwa mtu akitulia bila kuuma, meno ya juu na ya chini hayagusani, huachana kama milimita 2 hadi 4. Ya mama yalikuwa yameachana mno, ndiyo maana kila akiyakutanisha uso unafupika.

Meno mapya aliyapanga kwanza kwenye nta, mama akayavaa hivyo hivyo. "Jaja, sema fedha, fimbo, vifaranga." Ncha za meno ya juu zilipaswa kuugusa taratibu mdomo wa chini. Kisha, "Sitini na sita, sitini na saba," yakaribiane bila kugongana. Mama akaniambia pembeni kwamba hata mwalimu wake wa madrasa hakumtesa hivi. Alipoomba yawe meupe kama yale ya kwanza, daktari akakataa kwa adabu, akachagua yenye umanjano kidogo, ya mtu wa umri wake. Mwanya akaurudisha.

Sasa turudi kwenye mkaa wenu. Mkaa hukwaruza, ndimu hula, na ile ngozi ngumu ya juu ya jino ikishalika haioti tena. Isitoshe, nina wateja wa kutoka Kisoro wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Rangi ile haikupakwa juu, imo ndani ya jino lenyewe. Imetokana na madini ya floraidi kwenye maji waliyokunywa meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi. Hao mnawaambia wasugue nini?

Na kuna jambo ambalo ningependa mlipe ukurasa mzima. Alikuja kijana wa kama miaka ishirini, hana chonge za chini, meno ya mbele yameyumba upande mmoja mpaka kidevu kinaonekana kimeteguka. Akaniomba nimnyooshe kwenye kompyuta. Utotoni aliharisha, wazee wakasema ni ebiino, wengine huita ebinyo, yaani uvimbe wa ufizi unaodhaniwa kuwa meno mabaya yanayoleta ugonjwa, wakamchimba ufizi. Uvimbe ule huwa ni chonge za utoto zinazojiandaa kutoka. Anayezichimbua anaweza kuharibu na zile za ukubwani zilizo chini yake, na wapo watoto waliokufa kwa vidonda hivyo. Kijana yule nilimnyoosha, ndiyo, dakika chache tu. Sisi wapiga picha ni waongo kidogo. Lakini alipoinuka kwenye kigoda alitoka na taya lile lile, na mimi nikapokea pesa yake.

Mwisho ni tangazo, Mhariri, kama mtaniruhusu. Negativu zangu zinaanzia 1989. Yeyote aliyewahi kupigwa picha kwangu na sasa anatengenezewa meno, aje na mwaka na sababu ya picha: harusi, Idi, mahafali. Nitamsafishia moja anayocheka, ampelekee daktari. Sitamtoza.

Mpiga picha,
Bombo, Luwero