Mjomba, ile video ifutwe

Shikamoo Mjomba.

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi la ukoo nilishatoka na simu zangu hupokei. Wewe mwenyewe hutasoma, lakini atatokea mtu wa kukusomea, namjua hata ni nani.

Mama kaniambia unasema Marekani imeniharibu, kwamba nimewatupa ndugu kwa ajili ya wakwe. Haya. Ila tuanze na yaliyotokea ukumbini, maana kila mtu anayasimulia anavyotaka.

Chakula kilikuwa kimeshagawiwa. Mama mkwe akainuka na glasi yake ya maji, akaenda pale karibu na mlango ambapo zulia lilikuwa limeishia, akainama kwa tabu kwa sababu ya lile goti, akamwaga maji kidogo sakafuni. Mara tatu. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Alikuwa anawapa wazee wake wa Haiti habari kwamba mtoto wao ameoa mbali. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Angemaliza, angerudi kwenye pilau lake. Lakini maiki ulikuwa nayo wewe, umepewa utambulishe ukoo.

"Jamani, huyu mama katoka Haiti, Haiti kwenyewe kwa mazombi! Sogezeni watoto, tusije tukaamka misukule!"

Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. DJ naye akatia muziki wa kutisha. Mama mkwe, ambaye Kiswahili hajui hata neno, akaona watu wanamtazama wanacheka, akadhani wamempenda. Akacheka nao. Akapunga mkono, Mjomba! Mume wangu akaniinamia, "Anasema nini?" Nikamjibu, "Anawakaribisha." Ukiniuliza leo nitajibu vilevile. Bibi harusi angesema nini kingine?

Kesho yake video ikaingia kwenye kundi, imewekewa ngoma na fuvu la kichwa. Ndipo nilipotoka. Wanaosema nilitoka kwa kiburi waiangalie kwanza.

Na inaniuma zaidi kwa sababu ni wewe. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye banda lako la video, hilo sijalisahau na sitalisahau. Nilikuwa nakaa benchi la mbele bila kulipa, joto la kuvunda, jenereta linanguruma nyuma, na wewe unasimamisha mkanda ili utufafanulie steringi anawaza nini. Mimi hadithi nimejifunzia pale. Kwa hiyo naijua hata mikanda iliyokufundisha hiyo Haiti yako.

Ule wa James Bond wa 1973 uliurudia mpaka tukaukariri. Lile jamaa refu la kofia ndefu, Baron Samedi, anacheka kwa sauti ya pangoni. Kisiwa chenyewe, San Monique, hakipo kwenye ramani yoyote, na aliyeigiza, Geoffrey Holder, ni mzaliwa wa Trinidad. Bawon Samdi ninayesikia akitajwa nyumbani kwa wakwe zangu ni pepo, mlinzi wa makaburi. Mtoto akiugua sana anaombwa yeye, kwa sababu asipokubali kaburi lichimbwe, mtu hafi. Tarehe 1 na 2 Novemba watu wanakwenda makaburini na kahawa, mishumaa, na pombe kali iliyotiwa pilipili, na mapepo jamaa zake wanaoitwa Gede wanawapanda watu vichwani na kusema matusi ya kuchekesha mpaka wazee wanashika mbavu. Ungependa, Mjomba. Sikutanii.

Mazombi nayo hukuanza wewe. Wanajeshi wa Marekani waliikalia Haiti kuanzia 1915 mpaka 1934, wakawa wanakamata wanavijiji na kuwafanyisha kazi ya barabara kwa lazima. Katikati ya hayo, 1932, ikatoka filamu ya White Zombie. Humo kuna kinu cha miwa kinachosukumwa na maiti, mmoja anatumbukia kwenye mashine, wenzake wanaendelea kusukuma kama hawakuona. Wahaiti hawaogopi kuliwa na zombi. Wanachoogopa ni kufanywa zombi: kufa, halafu ufufuliwe ukalime shamba la mtu bila mwisho. Ukiwa kitukuu cha watumwa wa miwa, hofu hiyo haihitaji kufafanuliwa. Na sisi msukule tunayemwogopa si ndiye huyohuyo, analimishwa usiku huku ndugu wanajua wamezika? Lakini kwenye picha steringi ni mzungu, na mtu mweusi mwenye ngoma ndiye adui. Filamu zetu wenyewe hazikubaki nyuma: mganga ni shuka jekundu, kibuyu na kicheko.

Utasema ulikuwa utani. Mwaka 2010, baada ya tetemeko, kipindupindu kilichoingia Haiti na walinda amani wa Umoja wa Mataifa kiliua maelfu. Watu wakawageukia makuhani wa Vodou, dini ya jadi ya Haiti, kwamba ndio wanaokisambaza, wakawaua wasiopungua 40 kwa mapanga, mawe na moto. Usukumani bibi zetu waliuawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Na huko nako ilianza kwa maneno.

Wewe ukishapata mbili tatu ni Kinjikitile. Ngarambe, pepo Hongo, maji, 1905, Wajerumani, machozi yanakutoka. Sasa Haiti, Agosti 1791, mahali paitwapo Bois Caïman, kuhani Boukman na mwenzake Cécile Fatiman waliongoza ibada ya Vodou usiku, siku chache baadaye mashamba ya miwa yanawaka moto, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru. Kinjikitile shujaa, Boukman mchawi? Nani kakupangia hivyo kama si ule mkanda?

Halafu Matombo, kijijini kwetu. Nisiseme? Nitasema. Kabla sijasafiri ulinipeleka makaburini kwa Bibi, ukachanganya unga na maji kiganjani, ukanyunyiza, ukawataja wazee wote kwa majina, na Jumapili ukawahi misa ya kwanza. Mjomba ndiye mwenye kazi hiyo kwetu, na uliifanya vizuri. Mama mkwe ni nesi mstaafu, misa hakosi, na ukutani ana picha ya Bikira Maria mweusi wa Częstochowa, Poland, mwenye makovu shavuni, ambaye kwake ndiye Ezili Dantor, pepo mama wa Vodou. Mlipaswa kukaa meza moja mkaulizana habari za wazee.

Hivyo sikukutupa. Hela za mabati nilituma, muulize Mama. (Ya shamba la Kiroka tutaongea ana kwa ana, si ya hapa.) Nilichokataa ni kukaa kwenye kundi ambalo mama wa mume wangu ni kichekesho, na mume wangu siku hizi Kiswahili anakielewa.

Mdogo wangu anaoa Desemba. Mchango nimeshatuma, na Mama mkwe anakuja, tiketi imekatwa, ameuliza kama yule mjomba mcheshi atakuwepo. Nimemwambia utakuwepo. Kabla ya hapo video ifutwe kwenye simu zote unazozijua, na kamati nimeiomba maiki apewe mtu mwingine. Akisimama na glasi yake safari hii, nenda kasimame naye.