Barua kwa Rehema: waziri aliyekizuia kidonge

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniomba maelezo ya Manto Tshabalala-Msimang, waziri wa afya wa Afrika Kusini tangu Juni 1999 hadi Septemba 2008, kwa ajili ya somo la wanafunzi wako wa uuguzi. Unasema wanamjua kwa bitiruti na kitunguu saumu tu, alivyowahimiza wenye VVU wavile. Nakusihi usianzie huko. Bitiruti iliwapa watu cha kuchekea, lakini dhara kubwa lilitokana na dozi moja ya dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake, iliyoruhusiwa katika vituo vichache na kuzuiwa kwingine kote. Na aliyeizuia alikuwa daktari aliyesomea uzazi.

Hilo la kusomea uzazi walielewe vizuri. Alitoka nchini kwao mwaka 1962 pamoja na vijana wengine wa ANC, chama cha ukombozi, akahitimu udaktari Leningrad mwaka 1969, kisha akaja kwetu kusomea uzazi na magonjwa ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1972. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii aliipatia Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1980. Mtu wa aina hii huwezi kumtetea kwa kusema hakujua mtoto anaambukizwaje.

Wala hakuanza vibaya. Kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali kwa sababu ya sheria ya mwaka 1997 iliyofungua njia ya kupata dawa za bei nafuu. Serikali ikasimama imara, na kampuni zikaondoa kesi Aprili 2001. Wanaharakati wa kudai tiba ya UKIMWI wa Treatment Action Campaign, yaani TAC, waliingia katika kesi ile upande wa serikali. Baadaye, mwaka 2004, wizara yake iliweka bei moja ya dawa inapotoka kiwandani na kuwawekea wafamasia kikomo cha ada: asilimia 26 ya bei, isizidi randi 26. Mahakama ya Katiba iliirudisha ada hiyo ipangwe upya mwaka 2005, ila haki ya serikali kudhibiti bei ilibaki. Kazi hiyo ni nzuri, na kwenye somo isifichwe.

Sasa nevirapine, ndiyo dawa yenyewe iliyozuiwa. Jaribio lililofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 1999 lilitumia utaratibu ambao muuguzi yeyote wa leba anaumudu. Mama alimeza kidonge kimoja cha miligramu 200 uchungu ulipoanza. Mtoto alipewa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa 72 tangu kuzaliwa. Mtoto wa kilo 3 alihitaji miligramu 6, na kwa dawa ya maji yenye miligramu 10 kwa mililita hiyo ni mililita 0.6 tu, kwa hiyo kijiko hakikufaa. Ilibidi iwe sirinji ya mdomoni. Watoto walipofikisha wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1, wakati kundi lililopewa AZT, dawa nyingine ya VVU, kwa muda mfupi lilikuwa na asilimia 25.1. Waziri alikwenda Uganda mwenyewe kujionea. Julai 2000 mtengenezaji, Boehringer Ingelheim, alijitolea kutoa dawa hiyo bure kwa miaka mitano kwa nchi zinazoendelea.

Kati ya hapo upepo ulikuwa umegeuka. Oktoba 1999 Rais Thabo Mbeki alilieleza Bunge kwamba AZT ni sumu, na mwaka uliofuata akaunda jopo lililowachanganya wanasayansi na watu waliokana kwamba VVU husababisha UKIMWI. Waziri hakuwahi kusema waziwazi “dawa hii naikataa”. Alichagua danadana: vituo viwili vya majaribio katika kila jimbo kati ya majimbo tisa, jumla 18, na daktari wa hospitali ya umma isiyokuwemo asiitoe dawa, hata kama mama amepimwa, ameshauriwa na yuko kitandani anasukuma. Wakati huo watoto wanaokadiriwa kufika 70,000 walikuwa wakiambukizwa na mama zao kila mwaka.

TAC ilishtaki Agosti 2001, ikashinda Mahakama Kuu ya Pretoria mwezi Desemba, na serikali ikakata rufaa. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 5 Julai 2002 ndiyo ningewasomesha wanafunzi, kwa sababu inachukua hoja za wizara moja baada ya nyingine. Kwamba maziwa ya mama yatamwambukiza mtoto hata hivyo: mahakama ikajibu kwamba wapo watakaonusurika hata wakinyonya. Kwamba virusi vitajenga usugu: ni kweli, nevirapine hukaa mwilini muda mrefu baada ya dozi moja, virusi vikapata nafasi ya kujizoeza, lakini hatari hiyo ni ndogo ukiilinganisha na mtoto kuambukizwa. (Njia ya kuupunguza usugu huo ilikuja kujulikana: AZT tangu ujauzito wa wiki 28, na dawa za ziada kwa siku chache baada ya kujifungua. Afrika Kusini iliongeza AZT katika mwongozo wa taifa mwaka 2008 tu.) Kwamba dawa si salama: ilikuwa imesajiliwa na baraza la dawa la nchi hiyohiyo. Kwamba uwezo haupo: penye upimaji na ushauri tayari, dozi moja haihitaji kingine kikubwa.

Amri ikawa vikwazo viondolewe bila kuchelewa. Ila mahakama haikujiwekea jukumu la kusimamia utekelezaji, na naona hapo palikuwa na ufa. Katika jimbo la Mpumalanga mambo yalilala, ikabidi TAC irudi tena mahakamani kuomba amri itekelezwe.

ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, kwa wagonjwa wote zilifuata njia ileile ya kusukumwa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango Novemba 2003, na wizara ilikuwa bado inahimiza limau, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, bitiruti na kiazi cha Kiafrika, mmea wa dawa za asili. Lishe bora ni sehemu ya tiba, usiwaache wanafunzi wakadhani vinginevyo. Kosa ni kuiweka mizani moja na dawa, na pia kutotaja mwingiliano: vidonge vya kitunguu saumu vilionekana kushusha saquinavir, mojawapo ya ARV, katika damu kwa karibu nusu, na dawa ikipungua hivyo virusi hupata mwanya. Kiazi cha Kiafrika nacho, maabara, huzuia vimeng'enya vya ini vinavyochakata ARV kadhaa. Agosti 2006, kwenye mkutano wa UKIMWI wa Toronto, banda la Afrika Kusini lilipambwa kwa mboga hizo, na mwezi uliofuata wanasayansi zaidi ya 80 walimwandikia Mbeki amwondoe. Mbeki hakumwondoa. Aliyefukuzwa ni naibu waziri wa afya, Nozizwe Madlala-Routledge, Agosti 2007, aliyekuwa amesaidia kuandaa mpango mpya wa taifa wa UKIMWI wakati waziri anaumwa.

Waziri alipandikizwa ini Machi 2007. Magazeti yalichimba rekodi zake za hospitali, likawa jambo la mahakamani. Kwenye somo la maadili ya uuguzi linafaa mada ya siri ya mgonjwa, lakini lisichanganywe na sera. Alifariki Desemba 2009.

Watakuuliza idadi. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba maisha zaidi ya 330,000 yalipotea kati ya 2000 na 2005, na watoto 35,000 walizaliwa na VVU, kwa kuchelewesha dawa. Hawakuhesabu makaburi: walilinganisha dawa zilizotolewa Afrika Kusini na ambazo zingewezekana kutolewa, wakiangalia kasi ya Botswana na Namibia. Ni makadirio, na waambie hivyo. Ila Botswana haikuwa na wataalamu wengi kuliko Afrika Kusini, na ilianza kutoa ARV hospitali za umma mapema mwaka 2002.

Niandikie somo likikamilika, nami nitalipitia upande wa dozi kabla hujaligawa.

Wako akupendaye,
Zuwena