Sauti zisizosikika wazi nazo zirekodiwe

Mhariri,

Ikitajwa mashine inayomsemea mtu asiyeweza kusema, wengi humkumbuka Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepoteza sauti mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo ili aweze kupumua. Wachache wanajua sauti ya mashine yake ilitoka wapi. Ni matunda ya kazi ya Dennis Klatt, mtafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyeifundisha kompyuta kusoma maandishi kwa kuiga sauti yake mwenyewe. Ya kike aliitoa kwa mkewe, ya kitoto kwa binti yake. Klatt alifariki mwaka 1988, saratani ikiwa imeshaiharibu sauti yake. Hawking akabaki na ile sauti ya Klatt hadi alipofariki mwaka 2018, hata pale alipoletewa sauti nyingine zilizo laini zaidi.

Naandika haya kama mzazi wa kijana mwenye mtindio wa ubongo. Anaelewa kila tunachosema nyumbani, na anasema pia. Misuli ya ulimi na midomo yake imekaza, kwa hiyo konsonanti zinadondoka na irabu zinavutika. Mdogo wake anamwelewa bila shida. Lakini akiiambia simu "nipe maji ya kunywa", yanajiandika maneno ambayo hayana uhusiano wowote na maji. Anarudia, anapandisha sauti, shingo inakakamaa, na kadiri anavyojitahidi ndivyo matamshi yanavyozidi kuharibika.

Simu haina chuki naye. Haijawahi kusikia watu wa aina yake. Programu hizi za kugeuza sauti kuwa maandishi hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa, na namna tunavyozikusanya ndiyo inayowaacha nje watu kama yeye. Chukua Common Voice, mradi wa shirika la Mozilla wa kukusanya sauti mtandaoni, ambako Waswahili wengi wamejitolea kwa moyo kusoma sentensi. Wengine husikiliza kila rekodi na kupiga kura kama imesomwa sawasawa. Utaratibu huo ni mzuri kwa kuondoa makelele na makosa, lakini rekodi ya mwanangu, au ya mzee aliyepata kiharusi, ni rahisi sana kukataliwa hapo.

Inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2019 Google walianzisha mradi wa Euphonia kukusanya sauti za watu wenye matamshi yasiyo ya kawaida. Chuo Kikuu cha Ghana nacho kimerekodi wasemaji wa Kiakan wenye tatizo hilohilo. Basi naiomba Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikae pamoja na wataalamu wa kompyuta na madaktari wa Muhimbili, wawarekodi wasemaji wa Kiswahili wenye ulemavu wa mawasiliano. Wawalipe kwa muda wao, maana sentensi mia moja kwa mtu ambaye kila neno ni kazi si jambo dogo. Na ridhaa waiombe kwa mwenyewe. Wasiishie kwa mama yake.

Kwa wasioweza kutamka kabisa, lugha yetu inadai kazi yake. Kijana anayechagua herufi kwa kubonyeza kitufe kimoja akitaka kusema "hamjanisikiliza" ana herufi 15 za kuchagua, moja baada ya nyingine. Programu nyingi zinapendekeza maneno mazima, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kitenzi chetu kinabadilika mwanzo, kati na mwisho, kwa hiyo neno zima analolitaka mara nyingi halimo kwenye orodha. Kifaa kingempa "hamja", kisha "ni", kisha "sikiliza", angemaliza kwa chaguo tatu. Hii ni kazi ya mwanaisimu wa Kiswahili, na tunao wengi, wazuri.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Mkataba ule unahesabu njia mbadala za mawasiliano na teknolojia kuwa ni mawasiliano kamili. Kwa hiyo siombi hisani.

Wakati watafiti wanajipanga, wazazi wenzangu wanaweza kuanza na ubao wa picha uliochorwa kwenye karatasi ngumu. Karibu kila ubao niliouona una chakula, maji na choo, yaani yale sisi walezi tunayotaka kuyajua. Mtoto anaweza kuomba tu, hawezi kukataa. Ongezeni "sitaki", "inauma", "acha" na "hujanielewa", na muyaweke pale mkono wake unapofika kwa urahisi.

Mzazi,
Morogoro